SOMO: Nguo za mtoto wa kiume, kutoka rundoni mpaka kwa fundi

Somo hili ni la wazazi wanaowanunulia wavulana wa miaka 2 hadi 10 nguo za mtumba, mpya au za kushona. Sehemu kubwa ni vipimo na ukaguzi, kwa sababu kinachompendezesha mtoto ni nguo kumkaa. Fulana nyeupe ya kawaida iliyomkaa mabegani inaishinda suti ya vipande vitatu ambayo mikono yake inafunika vidole. Rangi na mitindo tutaigusa, ila kwa ufupi.

Hatua ya 1: Mpime mtoto

Ukimwambia muuzaji "nataka ya miaka mitano" atakupa anayoona itauzika. Watoto wawili wa miaka mitano wanaweza kupishana urefu kwa kiganja kizima. Chukua futikamba, mtoto avue viatu, andika vitu vitano kwenye simu: urefu wote, mzunguko wa kifua chini ya kwapa, mzunguko wa kiuno usawa wa kitovu, upana wa mabega kutoka mfupa hadi mfupa, na mguu wa ndani kutoka msambani hadi kifundo. Mtoto wa sentimita 110 mara nyingi huwa na kifua cha 57 au 58, kiuno kama 54, na mguu wa ndani kama 48. Ukipata namba iliyo mbali sana na hizo, pima tena. Kawaida alikuwa ameshikilia pumzi au ametoa tumbo.

Kama futikamba haipo, beba nguo moja ya nyumbani inayomkaa vizuri sasa hivi. Sokoni unailaza juu ya unayotaka kununua, kwapa kwa kwapa. Njia hii haidanganyi.

Hatua ya 2: Soma lebo, halafu usiiamini sana

Nguo za Ulaya bara huandikwa 98, 104, 110, 116, 122, 128 na kuendelea. Hiyo ni urefu wa mtoto kwa sentimita, na kila saizi inapanda kwa 6. Mtoto wa umri huu hukua sentimita 5 hadi 7 kwa mwaka, kwa hiyo saizi moja mbele ni kama mwaka mmoja wa kuvaa. Nunua moja mbele. Mbili mbele ni kumfanya mtoto kabati.

Za Uingereza huandikwa umri, mfano 4-5, ambayo ni sawa na 110. Za Marekani zenye herufi T, kama 3T na 4T, ni za watoto wadogo na zimeachiwa nafasi makalioni kwa ajili ya nepi. Mtoto aliyeacha nepi zitampwaya nyuma. Nguo mpya nyingi za Kariakoo zina namba za kiwandani ambazo hazihusiani na miaka wala sentimita. Hapo lebo iache, tumia futikamba.

Hesabu ya kukumbuka ukiwa umeilaza nguo bapa: fulana inayovutika, upana wa kwapa hadi kwapa uwe nusu ya kifua cha mtoto ukiongeza sentimita 3 au 4. Shati la kitambaa kisichovutika, ongeza 5 hadi 7. Kwa kifua cha 58, fulana ni 32 au 33, shati ni 34 hadi 36.

Hatua ya 3: Ukaguzi rundoni

Hapa ndipo pesa inapotea. Uchakavu wa nguo za wavulana haujifichi sana, ila una sehemu zake, na ukizijua unakagua kila nguo kwa nusu dakika.

Anza na magoti. Ingiza mkono ndani ya mguu wa suruali, uinue juani. Ukiona mwanga unapita zaidi gotini kuliko pajani, uzi umekwisha, itachanika mwezi huohuo. Kisha zipu: vuta juu na chini mara tatu, halafu ifunge na uvute kitambaa pembeni. Zipu iliyochoka hufunguka katikati. Lastiki ya kiunoni ivute karibu na sikio. Ikilia kama karatasi kavu, imekufa, ingawa hilo si sababu ya kuiacha, maana kubadilisha lastiki ni kazi ndogo kwa fundi.

Kwenye fulana, angalia ndani ya kola na kwapa, ndiko madoa ya njano hukaa. Picha ya kifuani ikunje kidogo. Ikitoa mistari kama tope lililokauka, itabanduka baada ya kufuliwa mara mbili. Halafu kuna kasoro ambayo wengi hawaioni. Ilaze fulana, shika mabega, tazama mshono wa ubavuni unapoishia. Kama kwa chini umehamia mbele ya tumbo, kitambaa kilikatwa upogo. Hakuna pasi itakayoinyoosha, na mtoto ataonekana amepinda kila akiivaa.

Jaketi na sweta zenye kofia: zikiwa na kamba shingoni, nyumbani ivute kamba yote uitupe. Marekani ilitoa mwongozo kuhusu kamba hizi mwaka 1996 baada ya watoto kunaswa kwenye vifaa vya kuchezea na milango ya magari, na nguo za zamani bado zinazo.

Chupi za mtumba usiguse kabisa. Tanzania na Kenya zote zimezipiga marufuku, hata kama bado utaziona mezani.

Hatua ya 4: Amua kipi fundi atakiweza

Yanayorekebishika: vifungo, zipu, lastiki, pindo, kiuno kikubwa, kola ya shati iliyochanika mkunjo (fundi anaitoa, anaigeuza, anairudisha), na suruali iliyotoboka goti, ambayo inakuwa kaptula. Kwa kaptula, mwambie akate usawa wa juu tu ya tundu. Sentimita 4 za mwisho zitaingia kwenye pindo, kwa hiyo hakikisha urefu bado utafika juu kidogo ya goti.

Yasiyorekebishika kwa gharama ya maana: mabega mapana, kwapa iliyobana, na rangi iliyopauka upande mmoja kwa jua la kutundikwa. Koti ambalo mshono wa bega unapita mfupa wa bega kwa zaidi ya vidole viwili, liache hapohapo hata likiwa la buku.

Hatua ya 5: Rangi

Suruali na kaptula tatu: bluu nyeusi, kaki na kijivu. Juu tano: nyeupe, damu ya mzee, kijani cha chupa, samawati, na moja ya mistari au maua. Kila ya juu inaenda na kila ya chini, una mivao 15 kwa nguo nane. Chenye michoro kiwe kimoja kwa wakati, kaptula ya jeshi na fulana ya mistari ziachane. Fulana ya kola, ile fomsiksi, ndiyo nguo inayofanya kazi kubwa kuliko zote: kanisani inaingia, shereheni inaingia, na ikichafuka unaifua usiku asubuhi imekauka.

Suti mpya nyingi za vipande vitatu zina bitana ya poliesta ndani. Kwa joto la Dar au Mombasa mtoto atalivua koti kabla ya picha ya pili. Kizibao, shati na suruali ya kadeti vinatosha.

Hatua ya 6: Kitenge cha kushona

Kwa shati la mikono mifupi la mtoto wa sentimita 110, mita moja ya kitambaa cha upana wa kawaida inatosha. Chagua ua ambalo si kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe. Ua kubwa la gauni la mama, likikatwa shati dogo, linabaki nusu ndege mgongoni na mkia begani. Loweka kitambaa usiku mmoja, anika, piga pasi, ndipo upeleke kwa fundi, la sivyo shati litarudi ndani likishafuliwa. Mwambie mambo matatu na uyaandike kwenye karatasi ya kupokelea: michoro ikutane mbele penye vifungo, aache sentimita 2 ndani ya mishono ya ubavuni, na pindo la chini liwe la sentimita 4 au 5. Hizo ndizo utakazofungulia mwakani. Kwa Idi na Krismasi peleka wiki tatu kabla.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Abdul, Temeke: Wangu ni mwembamba, miaka 6. Suruali ikimfika mguuni kiuno kinapwaya, ya kiunoni ikikaa miguu iko juu. Nifanyeje?

Jibu: Nunua kwa urefu wa mguu. Tafuta zenye lastiki ya ndani yenye matundu na kifungo kila upande, unaipunguza mwenyewe. Zisipokuwepo, fundi aweke lastiki nyuma tu, mbele ibaki bapa ili isionekane ya pajama. Hesabu yake: kiuno cha suruali kikiwa 58 na cha mtoto 52, unapunguza 6. Nyuma ya suruali ni 29, kwa hiyo lastiki iwe 23, upana wa sentimita 2 na nusu, ishonwe ncha zake kwenye mishono ya ubavuni. Mkanda kwa mtoto wa umri huo haushiki, hana nyonga.

Baba Sumaiya, Dodoma: Kanzu ya Idi naagizia Zanzibar. Wananiuliza namba, sijui.

Jibu: Kanzu nyingi namba yake ni urefu kwa inchi. Pima kutoka juu ya bega, karibu na shingo, hadi mfupa wa kifundo. Ukitumia sentimita, gawa kwa 2.54. Ukipata 84, ni inchi 33. Agiza 34, pindo likunjwe inchi moja, utalifungua akirefuka. Pima na kichwa juu tu ya masikio kwa ajili ya kofia. Ya kudarizi kwa mkono ikibana haifunguki. Baada ya kuifua, ikaushie juu ya kopo au bakuli lenye mzunguko huohuo.

Wanjiru, Nairobi: Soko la mtumba la Gikomba niende saa ngapi nipate kamera, zile za daraja la kwanza?

Jibu: Alfajiri, belo (marobota ya mtumba) zinapofunguliwa, tena siku ya kazi. Kamera huondoka na wenye maduka kabla jua halijakaza. Ukichelewa unakuta fagia, yaani masalia, ambayo kwa fulana za kuchezea nyumbani haina ubaya, ila kwa za kutokea utapoteza muda. Na uliza belo ni ya nini: ya watoto mchanganyiko huwa na za kike nyingi, maana wavulana wa huko zinakotoka huzimaliza nguo kabla hazijafika kwenye mtumba.

Neema, Mbeya: Nimesikia mtumba unaleta upele. Kweli?

Jibu: Wadudu wa upele kwa kawaida hawamalizi siku tatu nje ya mwili, na robota limekaa melini wiki nyingi. Hatari kidogo inatoka kwa watu waliozijaribisha sokoni kabla yako, na vimelea vya fangasi huvumilia zaidi. Za pamba loweka kwa maji ya moto sana na sabuni, suuza, anika juani. Sweta zisizotaka moto zifunge kwenye mfuko wiki moja kabla ya kuzifua. Kisha pasi pande zote mbili, hasa mishono na kiunoni. Pasi hiyo ni kwa nguo mpya pia, maana kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zinazoanikwa kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi.

Mama Junior, Tabata: Fulana ya damu ya mzee imechuja ikaharibu nyeupe. Ningeweka chumvi isingechuja?

Jibu: Chumvi haishiki rangi ya nguo iliyokwisha kutiwa rangi kiwandani. Ifue peke yake kwa maji baridi mara tatu au nne, mpaka maji ya suuza yawe meupe. Kabla ya kununua, lowesha kitambaa cheupe, sugua ndani ya pindo. Kikiwa chekundu, unajua unachonunua. Ile nyeupe usiianike wala kuipiga pasi kwanza. Iloweke tena ingali mbichi kwa sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu, kwa sababu joto la pasi ndilo linalokaza doa.

Mama Junior: Imeshapigwa pasi.

Jibu: Basi hiyo ipeleke na nyingine za zamani, itiwe rangi ya bluu nyeusi zote pamoja. Hakikisha ni pamba asilimia kubwa; poliesta haishiki rangi za kuchemsha za kawaida, na uzi wa mishono, ambao mara nyingi ni poliesta, utabaki mweupe.