Somo: Nani anatangulia, akili au utashi?

Wengi mmeomba tuelezane namna ya kuusoma ubishi huu wa wanateolojia wa Paris ya karne ya 13 bila kupotea. Shikeni kalamu.

Hatua ya 1. Weka maneno sawa. Akili inajua, utashi unataka. Usichanganye utashi na hamu: njaa humjia hata aliyefunga, ila kungoja magharibi ni kazi ya utashi.

Hatua ya 2. Anza na Thomas Aquinas (1225–1274). Kwake, akili huuonyesha utashi lililo jema, nao utashi huisukuma akili ifikiri. Furaha kamili hatuwezi kutoitaka. Vingine vyote vina upungufu, na akili ikishauona upungufu huo, kuchagua kunawezekana. Hapa soma polepole, urudie. Wengi humwita Thomas mtu wa akili tu, nami naona wanamwonea.

Hatua ya 3. Tia alama 7 Machi 1277. Askofu Étienne Tempier wa Paris alipiga marufuku hoja 219, zikiwemo zilizodai kuwa utashi hulazimika kuifuata akili.

Hatua ya 4. Mlete Henry wa Ghent. Wenzake walisema akili ndiyo bwana, maana inaongoza. Akajibu kwamba hata mtumishi humtangulia bwana wake usiku, ameshika taa. Mtumishi huyo, yaani akili, anamulika tu. Bwana, yaani utashi, akiamua kukata kushoto, taa nayo inakata kushoto. Naupenda mfano huu, ingawa una tobo: huyo bwana asiyeona anajuaje kwamba kushoto kuna njia?

Hatua ya 5. Malizia na Duns Scotus, aliyefariki Cologne mwaka 1308. Yeye anasema hata katika nukta ileile unayotaka jambo, uwezo wa kutolitaka unao.

MASWALI

Mwalimu, najua fika chipsi za usiku zinaniletea kiungulia, na bado nazifuata. Mkosaji nani?

Jibu: Thomas angesema ujuzi unao, ila tamaa imeufunika pale harufu ya mafuta ilipokupata. Henry angesema taa iliwaka vizuri tu, bwana ndiye aliyekata kona.

Na yule punda wa mwanafalsafa Buridan, aliyekufa njaa katikati ya mafungu mawili ya nyasi yaliyo sawa kwa kushindwa kuchagua, yuko hatua ya ngapi?

Jibu: Hayupo. Katika maandishi ya Buridan punda huyo haonekani. Alibandikwa jina hilo baadaye. Buridan alifundisha kwamba utashi unaweza kuahirisha uamuzi, akili ipate kuchunguza tena.