Kununua gitaa kavu la zamani kwa bei nafuu katika maduka ya rehani Marekani

Muuzaji wa duka la rehani hupanga bei kwa jina lililo kichwani mwa gitaa. Martin na Gibson anayajua, na akiwa na shaka ataangalia mtandaoni yanauzwaje. Nafuu iko kwa Harmony na Kay ya Chicago, au Silvertone yaliyouzwa na maduka ya Sears, ambayo mengi yalitoka viwanda hivyohivyo.

La kuwinda zaidi ni Harmony Sovereign H1260, lenye uso wa mspruce na mgongo wa mahogani, vyote mbao nzima. Mulika ndani kwa tochi ya simu: muhuri kama F-64 ni wa mwaka 1964. Kutambua mbao nzima, tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mti ikishuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini, ni mbao nzima, na ukiona matabaka ni plaiwudi. Plaiwudi pekee isikukimbize. Yamaha FG-180 ya Japani yenye kibandiko chekundu ina uso wa plaiwudi na bado inalia vizuri.

Sasa shingo, maana hapa ndipo bei inapogeuka kuwa hasara. Nyuzi huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, na baada ya miaka 50 shingo huinamia mbele pale inapoungana na mwili. Nenda na rula ya chuma ya sentimita 60. Ilaze juu ya freti, vile vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni, katikati ya shingo, hadi ifike kwenye daraja, kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi. Ncha yake ikikaa juu ya ubao wa daraja, salama. Ikigonga uso wa mbele wa daraja, shingo inahitaji kung'olewa na kupachikwa upya, kazi ambayo mafundi wa Marekani mara nyingi hutoza dola 400 hadi 800. Kukaza chuma kilicho ndani ya shingo hakuponyi hili. Chuma hicho hunyoosha mpindo wa shingo tu, hakirekebishi pembe yake.

Pima pia freti ya 12. Kati ya freti na uzi mnene, milimita 2.5 ni nzuri, 4 ni taabu. Lakini uzi kuwa chini si ushahidi tosha: angalia kile kijiti cha mfupa kinachobeba nyuzi darajani. Kikiwa kimechomoza kidogo sana, mtu ameshakisaga kuficha tatizo, na hakuna cha kusaga tena.

Yaliyobaki ni ya haraka. Sukuma karatasi nyuma ya daraja. Ikiingia, gundi imeachia. Gonga uso na mgongo kwa kifundo cha kidole, ukisikia mtetemo wa kuchakarika ujue fito ya ndani imebanduka. Ufa mwembamba unaofuata mistari ya mti hugundishwa. Nyuzi zenye kutu ni neema, huwafukuza wanunuzi wengine.

Ukifika kwenye bei, mwonyeshe muuzaji rula ilipogonga, kisha utoe pesa taslimu. Alimkopesha mwenye gitaa sehemu tu ya bei iliyobandikwa, kwa hiyo ana pa kushukia. Namba ya gitaa ikiwa imekwanguliwa, ondoka.