Ukimkuta Mtoto Peke Yake Ndani ya Gari Nairobi: Namna ya Kuingilia Kati

Mpita njia anayemwona mtoto mdogo amefungiwa peke yake ndani ya gari anapaswa kusimama. Asipoteze muda akijiuliza kama jambo hilo linamhusu, kwa sababu Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kutelekezwa, na kwa dakika hizo huenda hakuna mtu mwingine yeyote anayemwona. Linalohitaji kufikiriwa kwa makini ni namna ya kuingilia kati, hasa katika jiji ambalo mtu anayegusa gari lisilo lake anaweza kudhaniwa mwizi kabla hajapata nafasi ya kujieleza.

Wengi wetu hujifariji kwamba Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, haina joto la Mombasa wala la Garissa. Faraja hiyo haina msingi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba katika siku ya jua, hata hewa ya nje ikiwa nyuzi 22 tu za Selsiasi, joto ndani ya gari lililofungwa linaweza kufika nyuzi 47 katika muda wa saa moja, na takriban asilimia 80 ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kushusha kioo kidogo hakukuleta nafuu ya maana. Nyuzi 22 ni mchana wa kawaida wa Julai hapa kwetu, mwezi tunaouita wa baridi, na Februari na Machi huwa na joto zaidi. Mwili wa mtoto nao hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, mara tatu hadi tano, kwa hiyo kauli ya “naingia dukani mara moja tu” isiwe kipimo chako.

Kipimo chako kiwe hali ya mtoto. Sogea karibu, kinga mwanga kwa viganja ikiwa vioo ni vyeusi, kisha ugonge dirisha taratibu na kumwita. Mtoto anayekutazama, anayejibu na asiyetokwa na jasho jingi anakupa muda wa kumtafuta mwenye gari. Mtoto aliyelegea, anayetapika, mwenye uso mwekundu na nywele zilizolowa jasho, au anayeonekana amelala lakini haamki unapogonga kwa nguvu, hana muda huo. Usidhani kwamba ukimya ni utulivu, kwa sababu mtoto anayelia bado ana nguvu.

Katika hali zote mbili, usiwe peke yako, na usiondoke kwenye gari. Sema kwa sauti kubwa kwamba kuna mtoto ndani, ili wanaokuja wakukute tayari umejieleza. Jambo hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu neno “mwizi” likitangulia, umati wa Nairobi hauulizi maswali, na mtoto unayetaka kumsaidia atasahauliwa katika vurugu hiyo. Mtume mtu kwa mlinzi akiwa na nambari ya gari na rangi yake, ili mwenye gari atangaziwe kwenye kipaza sauti cha duka, kanisa au msikiti ulio karibu. Barabarani, waulize wahudumu wa maegesho wa kaunti na wachuuzi walio karibu, kwa kuwa mara nyingi wao ndio waliomwona dereva akishuka na wanajua ameingia jengo gani. Wakati huohuo mtu mwingine apige simu polisi, 999 au 112.

Iwapo mtoto yuko hatarini na mwenye gari hajapatikana, jaribu kwanza milango yote pamoja na buti. Ikiwa yote imefungwa, vunja kioo. Chagua dirisha la pembeni lililo mbali na mtoto, si kioo cha mbele, ambacho kimeundwa kisipasuke kwa urahisi. Funga mkono kwa koti au leso, kisha upige karibu na pembe kwa nyundo au spana ya magurudumu. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayeharibu mali kwa makusudi na kinyume cha sheria, na ndiyo sababu simu kwa polisi na mashahidi wanaoweza kueleza hali ya mtoto vinapaswa kutangulia. Mimi binafsi ningevunja kioo hicho bila kusita.

Ukimtoa mtoto, mpeleke kivulini, mvue nguo, mlowanishe mwili mzima kwa maji ya kawaida na umpepee. Akiwa macho kabisa, mpe maji kidogo kidogo. Akiwa na usingizi au degedege, usimpe chochote mdomoni, bali mlaze kwa ubavu. Dawa ya kushusha homa haisaidii hapa. Mpeleke hospitali iliyo karibu hata akionekana amepata nafuu. Ibara ya 43 ya Katiba inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Mzazi atarudi, pengine kwa hasira au kwa hofu. Mwambie kwa upole: “Mama, samahani, tulimwona mtoto amezidiwa na joto, ndiyo maana tumesimama hapa.” Usimkemee mbele ya watu. Nchini Marekani, ambako vifo vya namna hii vimehesabiwa tangu 1998 na kufikia wastani wa watoto 37 kwa mwaka, zaidi ya nusu yao walisahauliwa na watu waliowapenda. Usiipige picha sura ya mtoto na kuisambaza, kwa kuwa Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha yake. Lakini ukijua kwamba mtoto huyo huachwa hivyo mara kwa mara, piga simu 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto inayopokelewa usiku na mchana. Na ikiwa aliyerudi amelewa, polisi wafike kabla gari hilo halijaondoka na mtoto ndani.