Joka lako la fedha lisipauke

Ukinunua sanamu ndogo za majoka na mashujaa wa hadithi za kubuni, uliza kwanza ile rangi ya fedha imetoka wapi. Zilizochovywa fedha hupendeza sana zikiwa mpya, lakini salfa iliyo hewani huzitia weusi, na kila ukizisugua ule utando mwembamba unalika, kuanzia ncha za pembe na mabawa. Inauma kuona shaba ya chini yake ikichungulia! Mimi huchagua pyuta, yaani aloi (mchanganyiko wa metali) ya bati yenye antimoni na shaba kidogo: rangi yake ni ile ile hadi ndani, hata ikikwaruzwa. Ukitaka mng'ao mkali, tafuta iliyochovywa metali ya rodiamu au kromu. Za fedha usizisimamishe juu ya kitu cha mpira. Mpira nao hutoa salfa.