Vipele vya joto: jinsi ya kutumia shubiri bila kujiunguza

Jamani jua la Mwanza wiki hizi mnaliona wenyewe, na wengi mmeniuliza habari ya vipele vya joto, sasa leo naandika ya shubiri tu, ile ya kwenye mawe huku vilimani.

1. Chuma jani nene la chini, mbali na barabara yenye vumbi na moshi.

2. Lisimamishe kwenye kikombe, palipokatwa pakae chini, dakika 15, utoke ule utomvu wa njano. Msiruke hapa tafadhali, huo utomvu ndio unaowasha, mtu anapaka na njano yake akivimba anasema shubiri mbaya.

3. Osha, menya, chukua ute mweupe wa ndani peke yake, uusuuze tena.

4. Paka kidogo sehemu ya ndani ya mkono usubiri saa 24. Ikiwasha, acha.

5. Ikiwa shwari oga, jikaushe, paka asubuhi na jioni. Kila siku jani jipya. Penye kidonda au usaha usiguse.

Na minyaa ya uzio siyo dawa ya ngozi! Maziwa yake yanaunguza, yakiingia jichoni osha kwa maji mengi hapo hapo halafu kimbia hospitali.

Mwanangu ana miezi minne, nimpake?
Hapana mama, muogeshe maji ya kawaida, mvalishe nguo nyepesi za pamba, visipoisha mpeleke kliniki.

Mimi nafua ziwani huku Kayenze, nikitoka tu miguu inawasha na vipele juu.
Ndugu yangu hapo shubiri itakupoza tu. Vijidudu vya kichocho vinatoka kwa konokono wa majini vinapenya ngozi, na muwasho unaweza kuwa ndio huo. Kapime choo, ila mayai yanachukua wiki kadhaa kuonekana, kwa hiyo ukipima kesho ukaambiwa huna, rudi tena. Dawa yake ni praziquantel, unapewa kwa uzito wako.

Na mwarobaini je?
Chemsha majani, yapoe, oga. Mafuta yake usimnyweshe mtoto kabisa, ni sumu kwake.

Sisi tunajikuna usiku nyumba nzima, vidoleni na kiunoni.
Huo utakuwa upele wa kuambukizana, majani hayatoshi. Nendeni zahanati mkatibiwe wote siku moja, hata asiyewashwa, na mashuka yote yafuliwe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo.