Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutafuta Filta za Dizeli za Gari-Nyumba

Anayekwenda duka la vipuri kuulizia filta ya dizeli ya gari-nyumba kwa kutaja jina lililochorwa ubavuni mwa gari lake mara nyingi hurudi mikono mitupu, na muuzaji hana kosa. Jina lile ni la kampuni iliyojenga vyumba, vitanda na makabati. Chasisi ilitoka kwa kampuni nyingine, na injini huenda ikawa ya kampuni ya tatu. Barani Ulaya magari ya aina hii yamejengwa kwa wingi juu ya Fiat Ducato, Mercedes-Benz Sprinter, Ford Transit au Iveco Daily, na nchini Marekani yale makubwa yenye injini nyuma hukaa juu ya chasisi za Freightliner au Spartan, yakiendeshwa na injini za Cummins au, kwa yale ya zamani, za Caterpillar. Filta ni ya injini na ya chasisi, kwa hiyo matayarisho yote yanaanza kwa kuliweka kando jina la ubavuni na kutafuta namba.

Namba zinazohitajika ni mbili, nazo zinafaa kuandikwa kabla ya kupiga simu yoyote. Ya kwanza ni namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17, ambayo kwa kawaida hupatikana chini ya kioo cha mbele, kwenye fremu ya mlango au katika kadi ya usajili. Ya pili ni namba ya injini yenyewe, iliyopigwa kwenye bamba dogo lililobanwa juu ya injini au ubavuni mwake. Kwa injini za Cummins bamba hilo huwa pia na namba ya CPL, inayoonyesha ni mkusanyiko upi hasa wa vipuri uliofungwa kiwandani, na muuzaji makini ataiomba. Katika gari lenye injini nyuma, bamba hili hufikiwa kupitia mfuniko ulio chini ya kitanda au ndani ya kabati, na mara nyingi limefunikwa na vumbi lililoshikana na mafuta. Lipanguse, lipige picha yenye mwanga wa kutosha, kisha uihifadhi picha hiyo kwenye simu, kwa kuwa ni rahisi sana kusoma 8 mahali penye 3 ukiwa umeinama na tochi mdomoni.

Mwaka wa gari usiutegemee peke yake. Chasisi huweza kukaa katika kiwanja cha mjenzi kwa miezi mingi kabla ya kujengewa nyumba, kisha gari likauzwa kwa jina la mwaka unaofuata. Tofauti hiyo ya mwaka mmoja ina uzito pale inapoangukia wakati mtengenezaji alipobadilisha injini. Mfano ulio wazi ni ule wa Marekani wa mwaka 2007, ambapo kanuni mpya za moshi zilianza kutumika na injini ya Cummins ISB ya lita 5.9 ikapisha ile ya lita 6.7, hata gari-nyumba lililouzwa kipindi hicho likaweza kubeba mojawapo kati ya hizo. Hata umbo la gari hudanganya: Fiat Ducato, Peugeot Boxer na Citroën Jumper hutoka katika usanifu mmoja na zinafanana machoni, lakini hazikuwa zikifungwa injini zilezile nyakati zote, na filta ya moja si lazima iwe ya nyingine.

Baada ya namba, hesabu filta zilizomo. Gari dogo la aina ya Sprinter huwa na filta moja tu ya dizeli, lakini gari kubwa huwa nazo mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza, iliyo karibu na tangi kwa mpangilio wa mabomba, hutenga maji na kuzuia takataka kubwa. Ya pili, iliyofungwa kwenye injini baada ya pampu ndogo ya kuvuta, huchuja chembe ndogo kabisa kabla dizeli haijafika kwenye pampu ya shinikizo la juu. Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua sababu. Filta ya kwanza ikiwa imefungwa kwenye fremu, iliwekwa na mtengenezaji wa chasisi, hivyo orodha ya vipuri vya injini haitaitaja kabisa. Utafutaji unakuwa wa mara mbili: namba ya injini kwa filta ya pili, na namba ya chasisi kwa filta ya kwanza. Ongeza hapo jenereta ikiwa inatumia dizeli, kwa sababu ina filta yake ndogo inayosahaulika hadi siku itakapozimika, na uangalie pia kipasha joto cha dizeli cha Webasto au Eberspächer, ambacho huweza kuwa na kichujio kidogo karibu na pampu yake.

Filta iliyopo sasa ni ushahidi mzuri, ila si ushahidi wa mwisho. Namba iliyochapwa juu yake inakueleza alichofunga fundi wa mwisho, wala haithibitishi kwamba ndicho kilichopaswa kufungwa. Ilinganishe na namba iliyotolewa na mtengenezaji, na zikipishana, ufuate ya mtengenezaji hadi upate maelezo ya kuridhisha.

Sasa tufike kwenye majedwali ya ulinganisho, ambayo huandika kwamba filta ya kampuni fulani ni sawa na ya kampuni nyingine. Majedwali haya yana manufaa makubwa, na bila hayo msafiri aliye mbali na wakala asingepata kitu. Lakini neno “sawa” humo huweza kumaanisha tu kwamba filta itakaza mahali pake bila kuvuja. Filta mbili zenye uzi mmoja wa skrubu na kipenyo kimoja zinaweza kutofautiana katika jambo lililo muhimu kuliko yote, yaani ukubwa wa chembe zinazozuiwa. Ukubwa huo hupimwa kwa maikroni, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Filta ya kwanza huwa ya maikroni 10 hadi 30, na ya pili huwa ya maikroni chache tu, mara nyingi kati ya 2 na 5. Mifumo ya kisasa husukuma dizeli kwa shinikizo linaloweza kufikia au kupita baa 2,000, na nafasi kati ya vyuma ndani ya nozeli, yaani kifaa kinachopulizia dizeli ndani ya injini, ni finyu mno, kiasi kwamba vumbi lisiloonekana kwa macho hukwaruza na kuharibu sehemu ambazo bei yake haiwezi kulinganishwa na ya filta.

Kwa hiyo usiishie kuuliza “ni ya maikroni ngapi”. Uliza pia inazuia asilimia ngapi ya chembe za ukubwa huo, kwa sababu kampuni moja huandika maikroni 5 ikimaanisha kwamba takriban nusu ya chembe hizo hunaswa, na nyingine huandika namba hiyohiyo ikimaanisha karibu zote. Baadhi ya watengenezaji hutumia kipimo cha beta: beta 75 ni sawa na kuzuia asilimia 98.7, na beta 200 ni asilimia 99.5. Ikiwa karatasi ya maelezo inataja kupimwa kwa kiwango cha ISO 19438 kwa uchujaji, na ISO 16332 kwa utenganishaji wa maji, una msingi wa kulinganisha bidhaa mbili kwa haki. Filta isiyo na maelezo yoyote zaidi ya urefu na uzi wa skrubu haifai kuwekwa kwenye injini ya shinikizo la juu, hata kama inaingia vizuri na bei yake inapendeza.

Kosa jingine ni kudhani kwamba filta yenye maikroni chache zaidi ni bora kila mahali. Ukiweka kiini, yaani sehemu ya kuchujia inayobadilishwa, cha maikroni 2 kwenye filta ya kwanza, itaziba mapema na kuinyima pampu mafuta. Katika vitenganishi vya maji vya kampuni ya Racor, ambavyo baadhi ya magari-nyumba makubwa huvitumia, herufi inayofuata namba ya kiini ndiyo huonyesha kiwango: S ni maikroni 2, T ni 10, na P ni 30, hivyo 2010S na 2010P zinaingia katika kikombe kimoja na bado zina kazi mbili tofauti. Herufi za mwanzo nazo husaidia kuepuka aibu ya kununua filta ya oili: katika namba za Fleetguard, FS ni filta ya dizeli inayotenga maji, FF ni filta ya dizeli, na LF ni ya oili; katika namba za Mann-Filter, WK na PU ni za mafuta ya kuendeshea injini, na W au HU ni za oili.

Kagua pia umbo la chini. Filta ya kutenga maji huwa na vali ya kumwagia maji, na nyingine huwa na tundu la sensa inayowasha taa ya dashibodi maji yanapojaa. Baadhi ya filta za Sprinter zilitoka katika matoleo mawili, yenye sensa na yasiyo nayo, na kununua toleo lisilo lako kutakuacha na waya unaoning’inia na taa isiyozimika. Urefu nao upimwe, maana filta ndefu zaidi yenye uzi uleule huweza kugusa fremu au kujitokeza chini mahali ambapo jiwe la barabarani litaifikia.

Kuhusu mahali pa kununua, duka la vipuri vya malori kwa kawaida linafaa kuliko duka la vifaa vya magari-nyumba, kwa sababu injini hizi ni za malori na magari ya kazi, na filta zake huuzwa kwa wingi huko zikiwa hazijakaa rafuni miaka. Jihadhari na bidhaa bandia zinazouzwa kwa bei ya chini isiyoelezeka. Chapa iliyofifia, kisanduku kisichofungwa vizuri, mpira mgumu au uzito ulio pungufu ukilinganishwa na filta halisi ni sababu ya kutosha ya kuirudisha.

Seti ngapi? Kwa safari ya kawaida seti moja ya akiba inatosha, lakini kwa gari lililoegeshwa muda mrefu seti mbili ndizo akiba ya kweli. Gari-nyumba husimama miezi mingi tangi likiwa nusu, unyevu wa hewa hugeuka maji kwenye kuta za tangi, na maji hayo hutuama chini kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli. Pale maji na dizeli vinapokutana huota bakteria na kuvu, na utando wao mweusi hung’oka gari linapoanza kutikisika barabarani, ukaziba filta mpya baada ya mwendo mfupi. Dizeli iliyochanganywa na biodizeli, yaani mafuta yanayotengenezwa hasa kutokana na mimea, ambayo kwa kiwango cha Ulaya cha EN 590 huruhusiwa hadi asilimia 7, hushika maji zaidi na pia huyeyusha uchafu wa zamani uliogandamana tangini. Baridi kali nayo hufanya nta iliyo ndani ya dizeli igande na kuziba filta iliyo nzima kabisa. Hapo dawa ni dizeli ya msimu wa baridi, na kubadilisha filta peke yake hakusaidii.

Pamoja na filta, nunua pete zote za mpira zinazoambatana nayo, na uulize kama zimo ndani ya kisanduku. Andaa spana ya filta yenye kipenyo sahihi, na uijaribu mahali penyewe gari likiwa limepoa, kwa kuwa katika nafasi finyu ya injini spana nyingi hazina pa kuzungukia. Weka pia chombo cha kukingia, glavu na miwani. Ikiwa itakubidi uingie chini, usitegemee mifuko ya hewa ya springi wala jeki za kusawazishia gari. Chasisi ikalie stendi imara, maana mfuko ukipoteza hewa gari hushuka ghafla.

Jambo la mwisho la kuulizia kabla ya kununua ni jinsi mfumo wako unavyojazwa na kutolewa upepo. Magari mengine yana pampu ya mkono, mengine hujaza kwa pampu ya umeme unapofungua swichi bila kuwasha injini. Kujaza filta ya pili kwa kumimina dizeli ya dumu ndani yake ni tabia ya injini za zamani. Katika mifumo ya shinikizo la juu, dizeli ikimiminwa kwenye tundu la kati inaingia upande ambao tayari umeshachujwa, na vumbi lake linakwenda moja kwa moja kwenye nozeli. Mpira upakwe dizeli safi, filta ikazwe kwa mkono kwa kiasi kilichoandikwa juu yake, na bomba la shinikizo la juu lisilegezwe kamwe injini ikiwa inanguruma.

Filta kuukuu ipelekwe kwenye kituo kinachopokea oili chafu. Juu ya filta mpya andika kwa kalamu isiyofutika tarehe na kilomita, na ndani ya kisanduku cha akiba weka karatasi yenye namba ya chasisi, namba ya injini, namba ya mtengenezaji ya kila filta na angalau namba moja mbadala uliyoithibitisha kwa maikroni na asilimia zake.