Jinsi ya kupiga mnada dola ya fedha ya Marekani bila wewe kupigwa

Salama wadau. Kuna kisa nakutana nacho kila mara kwa ndugu zetu walioko huku Marekani, hasa wale wanaotunza wazee majumbani. Mzee kafariki, watoto wa marehemu wanamwambia chukua hili kopo la sarafu uwe unamkumbuka baba, naye ananiletea zikiwa keshazipiga dawa ya meno mpaka zinang'aa kama sufuria la harusi. Hapo huwa nanyamaza kwanza.

Mimi nauza sarafu za zamani za huku kwa mnada, mwaka wa kumi na moja sasa, zangu na za watu, na leo nawawekea njia yote kuanzia kopo mpaka hela kuingia benki. Nitatumia zaidi dola ya Morgan, ile kubwa yenye kichwa cha mwanamke mbele na tai nyuma, maana ndiyo inayojaa kwenye makopo ya wazee na ndiyo wakusanyaji wanaigombania. Na nikisema fedha humu nasema madini, hela naita hela, tusije tukachanganyana.

HATUA YA 1: usioshe

Narudia, usioshe. Sarafu ikipigwa chapa kiwandani ile fedha inasambaa kwa nguvu kutoka katikati na kuacha vimistari vidogo mno usivyoviona kwa macho, ila ukiigeuza polepole chini ya taa mwanga unazunguka juu yake kama spoku za baiskeli. Huo mwanga ndio mkusanyaji anaolipia. Ukisugua mara moja tu kwa kitambaa umeua, na hakuna fundi duniani wa kuurudisha. Mimi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa 1889 ya kiwanda cha Carson City, zilipigwa 350,000 tu, nikaisugua kwa ndimu na majivu kama bibi alivyokuwa anasugua sinia za shaba kule Tanga, nikajiona mjanja kweli. Iliuzwa chini ya nusu ya bei ya mwenzake mchafu aliyeuzwa wiki hiyohiyo. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndimu naikumbuka.

Shika ukingoni kwa vidole viwili, chini yake weka taulo. Kama zimekaa kwenye vifuko vya plastiki laini vinavyonuka zitoe, hiyo plastiki inaacha utelezi wa kijani unaokula sarafu. Utelezi huo ndio kitu pekee nakubali kutoa, kwa kuichovya kwenye asetoni safi bila kusugua. Si ile ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato. Na kama ulipewa na familia, omba waandike hata mistari miwili kwamba wamekupa, kwa sababu kuna siku mjukuu mmoja ataibuka kutoka Florida.

HATUA YA 2: soma herufi ya kiwanda

Mwaka peke yake haukuambii kitu. Geuza upande wa tai, angalia chini ya shada la majani, juu kidogo ya neno DOLLAR. Ukiona CC ni Carson City, S ni San Francisco, O ni New Orleans, D ni Denver (hiyo ni ya 1921), pakiwa patupu ni Philadelphia. Herufi hiyo moja ndiyo inatenganisha hela ya kununua chakula cha mchana na hela ya kununua gari. Mfano 1893 ya San Francisco zilipigwa 100,000 tu. Halafu 1921 ya Philadelphia zilipigwa zaidi ya milioni 44, yaani hizo zipo kila mahali kama maganda ya machungwa stendi.

Usidanganyike na idadi ya kupigwa tu lakini. Sheria ya Pittman ya 1918 ilifanya serikali iyeyushe dola zaidi ya milioni 270 na hakuna aliyeandika ni za miaka gani. Kinyume chake pia kinatokea. Dola ya 1903 ya New Orleans ilikuwa adimu kabisa, watu wanaiota, mwaka 1962 Hazina ikafungua mifuko iliyokuwa imelala kwenye stoo zake, kumbe zimejaa, bei ikaporomoka. Waliokuwa wamenunua mwezi mmoja kabla nawaonea huruma hadi leo.

HATUA YA 3: hakikisha si feki

Hapa nitakaa kidogo. Nunua mzani mdogo wa kupimia dhahabu unaosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, sumaku, na lenzi ya kukuza mara kumi. Morgan halali ina gramu 26.73, fedha asilimia 90 na shaba kumi. Iliyochakaa inaweza kupungua kidogo, ila ikisoma 24 weka pembeni. Sumaku isiinase hata kidogo. Feki nyingi siku hizi zinatoka China na nyingine ni nzuri, uzito uko sawa, ndiyo maana lenzi inahitajika.

Ile 1893-S niliyoitaja, watapeli wanachukua 1893 ya Philadelphia wanabandika S ya kuchonga. Sasa sikiliza, zote halali zilipigwa kwa muhuri mmoja tu (kile chuma kinachogandamiza picha) wa upande wa mbele, na huo muhuri ulikuwa na mkwaruzo, kwa hiyo kwenye neno LIBERTY lililo juu ya paji la yule mwanamke, ndani ya kile kichwa cha herufi T, unatakiwa uone kimstari kidogo cha mshazari kilichonyanyuka. Hakipo, basi nawe usipoteze muda, hata kama S inapendeza vipi.

Na nyie wa nyumbani mnaonitumia picha za dola ya 1804 mkisema mmepata kwa mzee mmoja kule kijijini: zinazojulikana dunia nzima hata 20 hazifiki, na zilianza kupigwa miaka ya 1830 ingawa zimeandikwa 1804. Moja iliuzwa 2021 kwa dola milioni 7.68. Ya kwako ni feki ya sokoni, pole. Ile robo dola ya 1776-1976 yenye mpiga ngoma nayo si mamilioni, zilipigwa kwa mamia ya mamilioni, nendeni mkanunulie pipi.

HATUA YA 4: amua kama inastahili mnada

Wengi wanaruka hapa halafu wanalia. Morgan moja ina wakia 0.7734 ya fedha tupu. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo, hiyo ndiyo sakafu yako. Kama sarafu yako ni ya kawaida na imechakaa, thamani yake iko karibu na hiyo sakafu, muuzie mwenye duka akupe chako uondoke, mnada utakula faida yote kwa ada. Mnadani peleka ile ambayo watu wawili wanaitaka. Sikusema ishirini. Wawili wenye hela na wasiopendana wanatosha.

HATUA YA 5: ipeleke kupimwa gredi

Kampuni mbili ndizo zinaaminika na kila mtu, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyofuata 1987. Unawatumia, wanaikagua, wanaipa namba kati ya 1 na 70, wanaifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba ya cheti, sisi tunaliita slabu. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijatumika madukani. Kabla hujalipa ada jipime mwenyewe: angalia nywele za yule mwanamke juu ya sikio, na manyoya ya kifua cha tai, ndiko kulikonyanyuka zaidi kwa hiyo ndiko kunakochakaa kwanza. Pakiwa bapa kama limepigwa pasi, usitegemee 60. Na ile ya dawa ya meno wataipokea, wataithibitisha ni halali, ila hawataipa namba, wataandika tu kwamba imesafishwa, na wanunuzi wakiona hivyo wanageuza shingo.

HATUA YA 6: mnada gani, na mkataba wake

Sarafu za dola elfu kadhaa kwenda juu nazipeleka kwenye nyumba za mnada, Heritage ya Dallas, Stack's Bowers, au GreatCollections ambao wako intaneti tu. Za mia mbili mia tatu naziuza mwenyewe eBay. Nyumba kubwa nyingi zinaweza pia kukupelekea sarafu kwenye gredi, gharama wakakate baadaye, kwa hiyo kukosa hela ya kuanzia si kisingizio.

Mkataba usome wote. Kuna bei ya nyundo, yaani dau la mwisho lililoshinda, halafu kuna ada ya mnunuzi juu yake, kwenye nyumba kubwa ni kama asilimia 20. Nyundo ikigonga 1,000 mnunuzi analipa 1,200, lakini wewe unahesabiwa kutoka kwenye ile 1,000, na hapo wakitoa kamisheni yako ya uuzaji unabaki na 950 au 900. Sasa mnunuzi hana ujinga, anaipigia hesabu hiyo 20 kabla hajanyanyua mkono, kwa hiyo ukweli ni kwamba imetoka mfukoni mwako. Ndiyo maana kamisheni inajadilika. Ukiwa na mzigo mzuri wanakubali kukupa nyundo yote bila kukata kitu, wengine hata wanakugawia kidogo ya ile ada ya mnunuzi, ila lazima uombe, hawakuambii. Uliza pia hela inaingia lini, mara nyingi ni siku 45 hivi baada ya mnada, kwa hiyo usiahidi mahari kwa hela ya wiki ijayo.

HATUA YA 7: picha, maelezo na saa ya kufunga

Kama unauza mwenyewe, zima flashi. Taa mbili, moja juu kushoto na moja juu kulia, simu iwe juu kabisa imelala sambamba na sarafu, piga kumi uchague moja. Halafu ongeza video ya sekunde kumi ukiigeuza mkononi ikiwa ndani ya slabu, mwanga ule wa spoku uonekane, hiyo video imeniuzia kuliko maneno yote. Usitie filta. Kwenye maelezo weka mwaka, herufi, gredi, namba ya cheti, na mikwaruzo yote useme mwenyewe kabla hawajaiona.

Bei ya kuanzia? Ya kawaida inayotafutwa na wengi, kama CC yoyote, anzia chini kabisa, watu wakishaweka dau la kwanza wanaanza kuiona ni yao. Ya ajabuajabu yenye wateja wachache weka kikomo cha bei, dau lisipokifikia huuzi. Funga Jumapili usiku kwa saa za New York, watu wako nyumbani wameshakula. Saa tatu usiku ya huko kipindi cha kiangazi ni saa kumi alfajiri Dar, kwa hiyo ukiwa nyumbani weka alamu. Usitishike siku sita zikipita dau liko palepale, madau ya kweli yanamiminika sekunde kumi za mwisho. Na usimwambie binamu yako akupandishie dau, ni kosa la jinai.

HATUA YA 8: kutuma

Subiri hela iingie kabisa, si "imetumwa". Tuma kwa posta ya huku kwa huduma ya rejista, kila anayeishika anasaini, na bima inafika dola 50,000. Ni ya polepole mno, vumilia. Seloteki ya plastiki wanaikataa, viungo vyote vinafungwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi ili muhuri wa posta ushike wino. Juu ya boksi usiandike neno lolote la sarafu. Ndani banana kwa kadibodi mpaka ukitikisa husikii kitu.

Kodi nayo: kama ni kitu chako ulichokaa nacho zaidi ya mwaka, faida inaweza kukatwa mpaka asilimia 28, na cha urithi kinahesabiwa kuanzia thamani ya siku marehemu alipofariki, kwa hiyo risiti na ile karatasi ya familia viwe faili moja.

Ikitokea haikuuzwa, usiirudishe wiki inayofuata. Matokeo ya minada yanabaki wazi kwenye intaneti, na mkusanyaji akiona sarafu imekataliwa juzi anakuja na dau la kuibomoa. Mimi huwa naikalisha kabatini miezi sita hivi, napiga picha mpya, naipeleka kwenye nyumba nyingine.